Tunaomba jioni nzima ya redio ya zamani

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba naipokea, mimi ni wa 1960 kwa hiyo hesabu utapiga mwenyewe. Naandika kwa simu, mjukuu wangu kakaa pembeni ananicheka navyosaka herufi kwa kidole kimoja, mkikuta nimekosea nirekebishieni, na mkiona barua ndefu punguzeni ila naomba msiguse pale kwenye habari ya kanda maana ndo hasa iliyonifanya niandike.

Iko hivi. Wiki kama tatu zimepita vijana wa mtaani walinipeleka kwenye usiku wa zilipendwa, ukumbi mmoja hapa hapa Morogoro, siutaji maana wenyewe walitupokea vizuri na soda ilikuwa ya baridi. Nikavaa kitenge changu cha harusini, nikajipulizia marashi, nikijua leo naenda kukutana na usichana wangu. Tumefika, spika zimesimama kama makabati ya nguo, dijei mtoto mdogo tu, na pembeni yake emsii anapiga kelele mikono juu mikono juu, mikono ya nani iende juu na haya mabega jamani. Wimbo wa Morogoro Jazz ukaanza, gitaa la Mbaraka Mwinshehe likaingia taratibu, beti mbili tatu, ndo kwanza unakaribia kwenye chemko pale ambapo sisi tulikuwa tunapangojea kama mtu aliyewekewa wali anangojea mchuzi, mara paap, kakata, kaweka wa bendi ya Sikinde. Sikinde nao hawajafika popote wamekatwa, wakaingia Atomic ya Tanga. Nimekaa masaa mawili pale sijasikia hata wimbo mmoja ukifa kifo chake.

Nikarudi nyumbani na kanjaa fulani hivi. Mwanzo nikasema ni ule ukataji, lakini hapana, maana zipo redio zinapiga zilipendwa Jumapili mchana na zinauacha wimbo mpaka mwisho, na bado huwa nazima nikiwa na kanjaa kale kale. Nikashindwa kujua ni nini, nikalala.

Nimekuja kujua kwenye sanduku la marehemu kaka yangu.

Kaka alikuwa na redio kaseti aliyoinunua baada ya vita vya Kagera kwa mtu aliyetoka huko mbele, zilikuwepo nyingi sana kipindi kile na zilikotoka wengi tunajua, tuyaache. Ile redio kaseti kwenye kupiga kanda ilikuwa hodari ila stesheni haishiki, inakoroma tu, ya baba ndo ilikuwa inashika vizuri, National ya mbao ambayo antena yake ilikuwa ni waya tumeufunga juu kabisa kwenye mwembe. Kwa hiyo kaka akitaka kurekodi muziki anazipanga redio mbili zinatazamana mezani kama wazee wanaocheza bao, anabonya, anatuambia wote tunyamaze. Na tulikuwa tunanyamaza kweli, mtu anatembea kwa vidole, maana kanda tupu ilikuwa mali na alikuwa anaipata kwa kujinyima.

Sasa kwenye sanduku nimekuta kanda moja ya dakika 90, upande A umeandikwa kwa kalamu RTD JIONI, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Nikaenda kwa jirani mmoja ambaye ana mashine ya zamani bado nzima, tukaizungusha kwanza kwa kalamu ya biki maana ilikuwa imelegea, tukaiweka.

Inaanza katikati ya wimbo, saksofoni zinalia, bendi huijui maana mwanzo haupo. Wimbo unaenda unaisha wenyewe kwa raha zake. Anaingia mtangazaji, sauti ya utulivu, Kiswahili kimenyooka utadhani kimepigwa pasi, anataja bendi, anataja saa, anasema tukae tayari kwa taarifa ya habari. Halafu zile ngoma. Mhariri, mtu wa rika langu hata awe kalala usingizi wa homa ukimpigia zile ngoma za taarifa ya habari atakurupuka aulize kumetokea nini.

Hapo ndo kaka alitakiwa azime, yeye shida yake ilikuwa muziki tu. Kumbe alikuwa katoka nje, kanda ikaendelea kuzunguka peke yake. Ikachukua habari yote. Ikachukua na kile kipindi cha Mazungumzo Baada ya Habari, msemaji anazungumzia ndugu zetu wa Zimbabwe wanavyojiandaa kupiga kura na walowezi wa kizungu wanavyohangaika, kwa hiyo hiyo itakuwa mwanzoni mwa 1980, kabla ya Aprili walipopata uhuru wao. Na katikati ya mazungumzo unasikia mbuzi analia uani, halafu sauti ya mama yangu, mbali kidogo, anamwita kaka aje kula. Anaita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili anasema njoo ule, redio hailiwi.

Mama alifariki 1994. Sauti yake hatuna popote, picha tunazo nne tu na kwenye zote kanuna kwa sababu enzi zile ulikuwa huchekei kamera. Nikakaa kwenye kile kigoda cha jirani nikashindwa kuinuka.

Mazungumzo yakaisha, ukapita ukimya kidogo hivi, unamsikia baba anasema "haya", na kiti kinalia, maana yake kajiegemeza. Halafu ndo ukaingia wimbo, wa taratibu, wa mapenzi. Na wimbo ule ni ule ule ambao yule dijei aliukata ukumbini. Ule ule kabisa. Lakini hapa ulikuwa mwingine, ulikuwa umeingia sebuleni kwa watu waliotoka kusikiliza habari za vita na kura na bei ya pamba, vichwa vimejaa, chakula kinanukia, baba kaegemea kiti. Nikasema kumbe ndo hiki. Kanjaa changu chote kilikuwa hiki, sisi hatukuwahi kusikiliza nyimbo, tulikuwa tunasikiliza jioni.

Kesho yake nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye duka, anahamisha vitu vya kanda kuviweka kwenye flashi. Duka silitaji. Nikamwambia mwanangu iweke yote kama ilivyo, akasema bibi usijali. Siku ya tatu nimeenda kuchukua, kanipa flashi, kanichaji elfu kumi, na kaniambia kwa furaha kabisa, bibi nimekusafishia, nimetoa makelele yote nimekuachia miziki tupu.

Makelele.

Habari katoa, mazungumzo katoa, mbuzi katoa, mama yangu katoa. Na mashine yake upande wa pili wa kanda imeutafuna mahali. Sikumgombeza Mhariri, niliishiwa nguvu, na kusema kweli yule kijana ana kosa gani, ndivyo alivyofundishwa na redio zetu zote za sasa kwamba zamani ilikuwa ni miziki. Upande A namshukuru Mungu mzima, nimeufungia kabatini.

Ndo maana nimeona nije kwenu. Kwa sababu hicho alichokifanya yule kijana kwenye kanda ya kaka mi naona ndo hicho hicho tunachokifanya sote na redio yetu ya taifa, tunaichambua kama mchele, tunabakiza nyimbo, mengine yote tunasema chuya.

Ngoja niwaeleze vijana jioni yenyewe ilikuwaje maana wengine wanadhani nasifia tu vya zamani. Baba alikuwa mtu wa reli, na alinunua ile National nikiwa sijaanza shule. Ilikaa juu ya kishubaka imefunikwa kitambaa cha kufuma, na aliyekuwa anaruhusiwa kuigusa ni yeye peke yake, sisi tuliruhusiwa kuipangusa vumbi bila kugusa vifundo. Umeme hatukuwa nao, inatumia mawe, yaani betri, na mawe yakianza kuchoka sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea yuko chooni, basi asubuhi mama anayatoa anayaanika juani pamoja na dagaa, jioni yanarudi na nguvu kidogo za kumalizia taarifa ya habari. Mpaka leo sijui kama jua lilikuwa linasaidia kweli au tulikuwa tunajifariji.

Ikikaribia saa 2 usiku majirani wanaanza kuingia, mikeka inatandikwa barazani, sebule ndogo haitoshi. Kuna muziki unapigwa, kuna salamu, watu walikuwa wanatuma kadi kwa posta na kadi inakaa wiki nzima njiani, salamu zimfikie fulani wa Kahama, na fulani wa Kahama wala humjui ila ukishasikia jina lake mara tano sita unakuwa kama unamjua, ukisikia kimya wiki mbili unauliza yule wa Kahama vipi, anaumwa? Kisha matangazo ya vifo. Hapo hata mtoto mchanga alikuwa anazibwa mdomo. Fulani wa Tukuyu anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani alipo Tanga, fulani alipo Mwadui, fulani alipo Bukoba. Nawaambieni mimi jiografia ya nchi hii nimejifunzia kwenye vifo. Nilikuwa najua Liwale na Kasulu na Tunduma kabla mwalimu hajatundika ramani ubaoni, na nilikuwa najua kwamba mtu wa Tukuyu anaweza kuwa na mdogo wake Bukoba, yaani watu wa nchi moja wametawanyika hivyo na bado ni ndugu. Hotuba za umoja zilikuwepo nyingi tu ila mi hicho nilikisikia kwenye tanzia.

Halafu ngoma, habari, mazungumzo, halafu muziki, na siku nyingine mchezo wa redio, Pwagu na Pwaguzi ndo usiseme, baba alikuwa mtu mkali ila Pwagu akishaanza utapeli wake baba anacheka mpaka anafuta machozi na sisi tunacheka zaidi kwa kuona baba anacheka. Watoto tulikuwa na Mama na Mwana, na Shangazi Deborah Mwenda akikusimulia hadithi unamwona kabisa yule sungura. Mechi za mpira akiwa anatangaza Ahmed Jongo ulikuwa unauona uwanja mzima, na nikikumbuka vizuri alipokuja kuingia Halima Mchuka kutangaza mpira, mwanamke, wanaume wa mtaani kwetu wiki ya kwanza waliguna, wiki ya pili wakawa wanamgombania.

Na mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Hiyo ilikuwa redio na jembe kwa pamoja. Mnakaa kikundi chini ya mti, redio katikati, kipindi kikiisha mnasoma kitabu, mnajadili, halafu mnaamua mnafanya nini, na kesho yake mnafanya kweli, watu wanachimba vyoo, wanafukia madimbwi, wanachemsha maji. Walioshiriki nchi nzima walihesabiwa kama milioni 2, nchi yenyewe wakati ule ina watu milioni kumi na kitu. Choo cha kwetu cha shimo kilichimbwa kwa kipindi kile, baba kachimba huku anahema anaimba wimbo wa redioni. Sasa niambie huo wimbo ukiupiga leo peke yake kwenye spika kubwa na emsii anasema mikono juu, umeusikia au hujausikia?

Sisi wa Morogoro tulikuwa na letu la ziada. Yale mazungumzo ya makaburu na wapigania uhuru kwa mtu wa kwingine labda yalikuwa mambo ya mbali, sisi tulikuwa tunakutana nao sokoni. ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walifanya mkutano wao mkubwa hapa hapa mjini 1969, na baadaye wakapewa eneo la Mazimbu wakajenga shule yao ya Solomon Mahlangu, vijana wa Soweto wanakuja kununua nyanya wanaongea Kiswahili cha kuchekesha. Redio yetu ndo iliyowapa hata nafasi ya kusema na watu wao huko kwao, ANC, FRELIMO ya Msumbiji, ZANU ya Zimbabwe, SWAPO ya Namibia, wote walipitia kwenye mitambo ya Dar es Salaam. Kaka alikuwa anapenda sana kuisaka ile Radio Freedom ya ANC kwenye masafa mafupi, lugha haelewi hata moja, anasubiri tu pale inapoanza na mlio wa bunduki, akishausikia anarudi kwenye muziki. Unaona sasa, bunduki ya Soweto na gitaa la Morogoro Jazz kwenye kifundo kimoja, vidole viwili tu.

Na wanamuziki wa hapa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa ajalini 1965, mimi mtoto wa miaka mitano, simkumbuki kabisa akiwa hai. Lakini redio ilikuwa inampiga kila wiki na mtangazaji anamtaja kwa heshima, basi mimi mpaka nafika darasa la nne najua Salum Abdallah yupo, tena nilikuwa nangojea siku nimwone anapita Barabara ya Boma. Shangazi ndo aliyeniambia, nililia kama nimefiwa leo. Mbaraka huyo tulimwona kwa macho, alienda na Morogoro Jazz mpaka Osaka Japani kwenye maonyesho ya 1970, baadaye akaanzisha bendi yake ya Super Volcano, akaja kufa Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Kumbuka nchi ilikuwa vitani, miezi miwili tu nyuma tulikuwa barazani pale pale tunamsikiliza Mwalimu anasema uwezo tunao sababu tunayo na nia tunayo. Vita redioni, msiba redioni, na bado jioni muziki unapigwa.

Msije mkadhani natia asali kila kitu. Redio ilikuwa moja na ilisema la upande mmoja. Sukari ikiadimika duka la ushirika na foleni imezunguka jengo, redio inakuambia mavuno yameongezeka. Mazungumzo mengine yalikuwa matusi tu yaliyovalishwa suti, kibaraka, kupe, bwanyenye, ukishachukiwa huna pa kujibia. Nyimbo nazo zilikuwa zinakaguliwa maneno kabla ya kurekodiwa, na wimbo ukigonga mahali pabaya hautoki. Na baba yangu mwenyewe kuna siku alikuwa anasinzia mazungumzo yakiwa katikati, hilo halimo kwenye kanda lakini nalisema. Ndo hivyo hivyo naomba yapigwe. Nataka mjukuu wangu asikie na zile foleni ambazo hazikutajwa, aniulize, nimwambie.

Kwa asiyejua, redio yenyewe ilianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, kastudio kadogo Kariakoo, ukiwa nje ya Dar hupati kitu. 1956 ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation, na 1965 shirika likavunjwa serikali ikaichukua mkononi ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD yenyewe. Na mpaka redio za watu binafsi zinaruhusiwa miaka ya 90 mwanzoni, studio ya kurekodia bendi ya maana ilikuwa ni pale pale Barabara ya Pugu. Bendi inatoka Tabora, inatoka Tanga, inapanda treni na magitaa yake, inaingia studio inapiga wimbo mzima kwa mkupuo, mpiga trampeti akikosea mnarudia wote kuanzia mwanzo. Zikashikwa kwenye ile mikanda mikubwa ya kuzungusha. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikutoka kwenye santuri hata siku moja, zipo kwenye mkanda ule na kwenye vichwa vyetu, na vichwa vyetu mwaka hadi mwaka vinapungua. Malipo nayo yalikuwa kiduchu, wazee wengi wa dansi wamelisema hilo hadharani kabla hawajatangulia, umerekodi ukalipwa kidogo, ukarudi kwenu kujisikiliza redioni kama sisi wengine.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa wa redio ya taifa ni hili. Mara moja kwa mwezi, siku moja tu, tuwekeeni jioni moja ya zamani bila kuichambua. Chagueni tarehe, 1968, 1974, 1979, yoyote ile ambayo mikanda yake ipo. Saa 1 na nusu usiku anzeni na muziki kama ulivyokuwa, pigeni ngoma, someni habari ile ile ya siku ile, mazungumzo yale yale, na muziki uliofuata. Kama habari ya siku hiyo haikuhifadhiwa basi mwambieni mtangazaji aisome upya kutoka magazeti ya siku hiyo, ilimradi aseme kwamba hii nimeisoma upya, asitudanganye. Msiweke kijana wa kuongea juu yake akituelezea tujisikieje. Na wimbo ukipigwa mtajeni aliyeimba, aliyetunga, aliyepiga gitaa la solo, siyo bendi peke yake, na kama kuna hela ya matangazo itakayopatikana basi familia za hao watu zitafutwe, wengine tunaishi nao mtaa mmoja hapa Mwembesongo na ukiwaona huwezi kujua baba yao alikuwa nani.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba vijana hawana subira ya kusikiliza mtu anaongea. Mhariri, huyu mjukuu anayenicheka hapa pembeni jana alikuwa kalala kwenye kochi na vile vitu vya masikioni anasikiliza watu wawili wanaongea masaa mawili na nusu, nikamuuliza wanaongelea nini akaniambia maisha tu bibi. Masaa mawili na nusu. Sasa dakika kumi za Mazungumzo Baada ya Habari zitamshinda vipi? Nimemwekea ule upande A juzi, nilimwambia asikilize sauti ya mama mkubwa wa ukoo. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya wimbo hata, aliuliza walowezi ni kina nani, na kwa nini babu mkubwa alisema "haya".

Na nyie wasomaji wenzangu, angalieni kwenye masanduku. Kaka zetu wengi walikuwa wanarekodi hivyo hivyo redio mbili zikitazamana, na wengi walisahau kuzima. Ukikuta kanda usiikimbize kwa mtu wa kusafisha, sikiliza kwanza wewe mwenyewe mpaka mwisho, pamoja na sehemu ambazo unaona hakuna kitu. Kama redio ya taifa haina mkanda wa siku fulani labda marehemu mjomba wako anao.

Mwisho naomba msaada wa mtu anayejua. Upande B umetafunwa kama sentimita ishirini hivi, mkanda umekunjamana lakini haujakatika, na nyuma ya hapo nina hakika kuna kitu maana upande huo kaka aliandika kwa kalamu ile ile BABA ANAONGEA. Baba naye alishafariki. Kama yupo fundi hapa Morogoro au hata Dar anayeweza kuunyoosha bila kuukata naomba ajitokeze kupitia gazeti lenu, nauli nitalipa na chakula atakula kwangu. Ila akija na programu ya kusafisha makelele aiache huko huko.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwembesongo, Morogoro.